Makro iliyochezesha skrini ya mhasibu

Chama chenyewe ni SACCOS ya kawaida: makao makuu mjini, matawi zaidi ya kumi wilayani. Mwisho wa mwezi kila tawi hutuma faili la Excel lenye mikopo, marejesho na akiba za wanachama, na mhasibu mkuu huyaunganisha yote kwenye faili moja linaloitwa MUUNGANO. Kazi hiyo inafanywa na makro, yaani programu ndogo iliyoandikwa ndani ya faili la Excel. Iliandikwa na kijana wa chuo aliyekuja kwa mafunzo kwa vitendo. Kijana akamaliza muda wake akaondoka, makro ikabaki inaendesha hesabu za watu.

Ukibonyeza kitufe cha UNGANISHA, skrini inaanza kucheza. Dirisha linachomoka, linafunikwa na jingine, utepe wa juu unapotea na kurudi, weupe unapita, kisha yaleyale yanarudiwa kwa tawi linalofuata mpaka orodha iishe. Mhasibu alinipigia simu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Hii kompyuta inanikonyeza kama tyubu inayotaka kuungua. Nikitoka hapo macho yananiuma. Hebu njoo unizimie huko kucheza.”

Alichoomba ni hicho tu, skrini itulie. Hesabu hakuzilalamikia, ingawa baadaye ilionekana kwamba alikuwa na kila sababu ya kuzilalamikia.

Yeyote aliyeandika makro mbili tatu analijua jibu la haraka. Excel ina swichi inayoitwa ScreenUpdating. Ukiandika Application.ScreenUpdating = False mwanzoni, Excel inaacha kuchora mabadiliko kwenye skrini wakati makro inafanya kazi; ukirudisha True, inachora matokeo ya mwisho kwa mkupuo. Ukiuliza popote kuhusu skrini inayocheza, huo ndio mstari utakaopewa, na kwa makro ya faili moja kwa kawaida unatosha.

Nilipofungua msimbo, mstari huo ulikuwepo. Ulikuwa wa kwanza kabisa, juu ya kila kitu, na mwenzake wa True alikuwa chini kabisa. Kwa hiyo swichi ilikuwa imezimwa tayari, na skrini inacheza.

Inafaa kujua kwanza nini hasa kinachocheza. Dirisha la Windows halichorwi mara moja likabaki hivyo. Kila sehemu yake inapobadilika au kufunuliwa, Windows inaipelekea programu husika ujumbe wa WM_PAINT, yaani chora tena, na kabla ya kuchora kwenyewe kwa kawaida hupita WM_ERASEBKGND, yaani futa mandharinyuma kwanza. Ule mwanya kati ya kufuta na kuchora ndio jicho linaouona kama mwako mweupe. Windows Vista ya mwaka 2007 ilileta kitu kinachoitwa Desktop Window Manager, ambacho hupanga picha za madirisha yote pembeni kabla ya kuzitoa kwenye skrini, na kuanzia Windows 8 huwezi tena kukizima. Kimepunguza uchafu mwingi wa zamani, kama ule mkia uliokuwa unaachwa na dirisha likiburutwa. Lakini hakina namna ya kujua kwamba dirisha ambalo Excel imelifungua ni la kupita tu, litafungwa baada ya muda mfupi. Excel ikisema onyesha, kinaonyesha.

Hapo pana habari ambayo wengi hawakuambiwa. Mpaka Excel 2010, mafaili yote uliyoyafungua yalikaa ndani ya dirisha kubwa moja. Kuanzia Excel 2013 kila faili lina dirisha lake lenyewe na utepe wake wa juu. Kwa mtumiaji ni jambo zuri, hasa mwenye skrini mbili. Kwa makro inayofungua mafaili kumi na kitu mfululizo ni balaa: ScreenUpdating inaizuia Excel kuchora yaliyomo ndani, lakini dirisha jipya zima kuzaliwa kwenye Windows ni jambo jingine, na mara nyingi utaliona likichomoka hata kama swichi imezimwa. Nilimuuliza mama kama makro ilikuwa inacheza hivi tangu mwanzo. Akakumbuka kwamba kwenye kompyuta ya zamani, yenye Excel 2010, ilikuwa imetulia kabisa. Kijana hakukosea kwa wakati wake.

Hilo lilieleza madirisha yanayochomoka. Halikueleza kwa nini, kwa baadhi ya matawi, namba zenyewe zilikuwa zinaonekana zikijipanga mstari kwa mstari. Excel iliyozimiwa kuchora haifanyi hivyo. Mtu alikuwa anaiwasha swichi katikati ya safari.

Kumtafuta mtu huyo kuna mtego mmojawapo unaopoteza watu. Ukiikagua makro kwa F8, hatua kwa hatua, Excel huwa inaendelea kuchora kati ya hatua na hatua, na ukiulizia thamani ya ScreenUpdating unaweza kuambiwa True hata sekunde moja baada ya kuandika False. Unaishia kulaumu mstari usio na kosa. Njia inayosema kweli ni kuiacha makro ikimbie kwa kasi yake na kupachika mistari ya Debug.Print sehemu kadhaa, ikiandika jina la tawi na hali ya swichi, kisha kusoma orodha baada ya kazi kuisha.

Orodha ilisoma False, False, False, kisha baada ya kufunguliwa faili la tawi mojawapo ikawa True, na ikabaki True mpaka mwisho. Nililifungua faili hilo kwa mkono. Ndani yake kulikuwa na makro ndogo ya Workbook_Open, ile inayojiendesha faili linapofunguliwa, ambayo ilificha shiti moja, ikamleta mtumiaji kwenye shiti ya kwanza, na kumalizia na Application.ScreenUpdating = True. Aliyeiandika alifuata ushauri wa vitabuni: ukizima, washa mwishoni. Tatizo ni kwamba swichi hii ni moja kwa Excel nzima. Makro ndogo ya tawi ikiwasha, imewasha kwa wote, hata kwa makro kubwa iliyoiita. Makro yenye adabu husoma kwanza hali iliyoikuta, na ikimaliza hurudisha hiyohiyo:

hali = Application.ScreenUpdating
Application.ScreenUpdating = False
' kazi yenyewe
Application.ScreenUpdating = hali

Sasa kuna swali: makro ya tawi inajiendeshaje bila mtu kuruhusu? Mama akilifungua faili hilohilo kwa mkono anaulizwa ule mstari wa njano wa kuruhusu makro. Faili likifunguliwa na msimbo, hali ni tofauti. Excel ina sifa inayoitwa AutomationSecurity, na thamani yake ya kuanzia ni 1, yaani ruhusu makro zote bila kuuliza. Kila faili lililotumwa na tawi lilikuwa linaendesha chochote kilichomo ndani yake kwenye kompyuta ya mhasibu mkuu. Skrini kucheza ndiko kulikotufanya tujue, la sivyo lingeendelea kimyakimya. Ukiiweka 3 kabla ya kufungua mafaili, makro zake zinazimwa zote, na hakuna anayeulizwa chochote.

Ningeweza kuishia hapo: weka AutomationSecurity = 3, rudisha utulivu wa namba, vumilia madirisha yanayochomoka. Ila nilipoendelea kusoma sehemu ya katikati nilikutana na hii. Nimeipunguza kidogo, mpangilio ni uleule:

Workbooks.Open folda & jina
frmSubiri.lblTawi.Caption = jina
DoEvents
Range("A5:H400").Select
Selection.Copy
Windows("MUUNGANO.xlsm").Activate
Sheets("Mikopo").Select
Range("A" & mstari).Select
ActiveSheet.Paste

Anayejua atatambua mkono wa kinasa makro. Unabonyeza rekodi, unafanya kazi kwa kipanya, na Excel inakuandikia kila ulichogusa: chagua, kopi, nenda dirisha lile, chagua, bandika. Kama njia ya kujifunza majina ya amri, hakuna kizuri zaidi yake. Kama makro ya kutumia kila mwezi ni hatari, kwa sababu hakuna mstari hata mmoja hapo unaosema data inatoka faili gani. Range("A5:H400") bila jina la faili wala shiti maana yake ni seli hizo kwenye shiti yoyote iliyo mbele wakati huo.

Halafu tazama mstari wa tatu. DoEvents huiambia Excel isimame kidogo ishughulikie mambo mengine yanayosubiri, ikiwemo mibonyezo ya kipanya. Kijana aliiweka ili kijidirisha chake cha “Tafadhali subiri” kiweze kuonyesha jina la tawi. Bila hiyo kilikuwa kinabaki cheupe. Iko katikati ya kufungua faili na kuchagua seli. Na mafaili ya matawi hayakuwa yanafungwa mpaka mwisho wa kazi.

Unganisha hayo matatu. Faili la tawi jipya limefunguliwa, liko mbele. Makro inasimama kwenye DoEvents. Mhasibu, ambaye skrini inamchezea machoni na dirisha limeruka juu ya kitu alichokuwa anakisoma, anabonyeza lile faili la awali ili arudi alipokuwa. Excel inamtii, inalileta mbele. Makro inaendelea: chagua A5:H400, kopi, bandika. Imekopi tawi la awali kwa mara ya pili, na jipya limerukwa. Hakuna ujumbe wa kosa, kwa kuwa hakuna kilichokosewa kwa macho ya Excel.

Nilimuuliza mama kama imewahi kutokea tawi moja likaonekana mara mbili. Akanyamaza kidogo, akasema kuna mwezi mizania ilikataa kulingana, wakatafuta mpaka usiku, ikaja kuonekana mikopo ya tawi moja imeingia mara mbili na ya jirani yake haimo. Walilaumu tawi kwa kutuma faili lenye makosa. Meneja wa tawi aliandikiwa barua.

Kuanzia hapo sikuona tena kazi hii kama ya kuzima kucheza. Skrini ilikuwa inacheza kwa sababu makro inaendesha Excel kupitia madirisha, na makro inayoendesha Excel kupitia madirisha inategemea nani yuko mbele. Hata ungefanikiwa kulificha hilo kabisa, mtu angebonyeza kwa bahati mbaya na tawi lingerukwa vilevile, tofauti ni kwamba asingekuwa na la kulalamikia.

Kwa sababu hiyo nililikataa pendekezo la kwanza lililoletwa na kijana wa kompyuta wa pale ofisini, aliyelipata mtandaoni: kuita LockWindowUpdate ya Windows yenyewe, kulifunga dirisha la Excel lisichorwe kabisa. Inafanya kazi, kwa maana ya kwamba hutaona kitu. Lakini Windows inaruhusu dirisha moja tu kufungwa hivyo kwa wakati mmoja, kwenye kompyuta nzima, na Excel ya sasa ina madirisha mengi. Makro ikikwama kabla ya kuliachia, mtu anabaki na dirisha lililoganda asijue la kufanya. Tena msimbo alioukopi ulikuwa wa zamani, tamko la Declare halina neno PtrSafe, na kompyuta mojawapo ya ofisi ina Office ya biti 64, ambayo tangu toleo la 2019 ndiyo inayosakinishwa usipochagua nyingine. Huko usingekubali hata kuanza.

Pendekezo la pili lilikuwa na akili zaidi: GetObject. Ukiandika Set faili = GetObject(njia), Excel inalifungua faili huku dirisha lake likiwa limefichwa tangu mwanzo. Hakuna kinachochomoka. Kwa kusoma tu ni njia nzuri na fupi. Ina mtego mmoja ambao umewaliza wengi: ukilihifadhi faili hilo, linahifadhiwa likiwa limefichwa. Kesho mwenye faili akilifungua anakuta Excel tupu ya kijivu, hana shiti hata moja, na anapiga simu akilia kwamba kazi yake imefutwa. Haikufutwa, akienda kwenye View, Unhide, itarudi. Lakini nani anataka kupokea simu hiyo kutoka kila tawi? Pia GetObject inatumia Excel ileile anayoitumia mhasibu, kwa hiyo mafaili yote mawili, la mhasibu na la makro, yanakaa nyumba moja.

Nilichochagua ni kuwasha Excel ya pili, isiyoonekana, na kuiachia kazi yote ya kufungua mafaili ya matawi. CreateObject("Excel.Application") inakupa Excel mpya ambayo kwa kawaida yake haionekani mpaka uiambie. Ina madirisha yake, swichi zake, usalama wake. Mhasibu akibonyeza popote kwenye Excel yake, hii ya pili haimjui. Kiini cha makro mpya ni hiki:

Set xl = CreateObject("Excel.Application")
xl.DisplayAlerts = False
xl.AutomationSecurity = 3

Set kitabu = xl.Workbooks.Open(Filename:=njia, UpdateLinks:=0, ReadOnly:=True, Password:="-")
data = kitabu.Worksheets("Mikopo").Range("A5:H400").Value2
kitabu.Close False

shitiKuu.Cells(mstari, 1).Resize(UBound(data, 1), UBound(data, 2)).Value2 = data

Hakuna Select, hakuna Activate, hakuna kukopi. Data inachukuliwa yote kwa mkupuo kama jedwali kwenye kumbukumbu, kutoka faili lenye jina na shiti yenye jina, inashushwa kwa mkupuo kwenye shiti yenye jina. Kukopi kupitia Windows kuna udhaifu wake mwingine: sehemu inayohifadhi ulichokopi ni moja kwa kompyuta nzima, mtu akikopi namba ya simu kutoka WhatsApp katikati ya kazi, huenda hiyo ndiyo itakayobandikwa.

Excel ya pili inakulazimisha kuandika hivi, na hilo nalipenda. Ukijaribu kusoma seli moja moja kutoka kwake utaona uzito, maana kila seli ni safari kutoka programu moja kwenda nyingine. Ukijaribu kuhamisha shiti nzima kwa Copy kutoka Excel ya pili kwenda ya kwanza, inakataa. Uvivu wote wa kinasa makro unafungiwa mlango.

Mstari wa kufungua una mambo ambayo kila moja lilikuja kwa sababu yake. UpdateLinks:=0 ni kwa ajili ya mafaili yaliyounganishwa na mafaili mengine yaliyoko kwenye kompyuta za matawi; bila hiyo Excel inauliza kama isasishe viungo. ReadOnly ni kwa sababu hatuna la kuandika huko. Password:="-" inashangaza wanaoisoma mara ya kwanza, kwa kuwa mafaili mengi hayana nywila. Faili lisilo na nywila linaipuuza hiyo “-” na kufunguka kama kawaida. Lenye nywila linarudisha kosa, ambalo makro inaweza kulishika na kuandika “faili la tawi fulani lina nywila”. Usipoweka kitu hapo, Excel iliyofichwa inaweza kutoa kisanduku cha kuuliza nywila ambacho hakuna anayekiona, na makro inasubiri jibu mpaka mtu aizime kompyuta. Hilo ndilo jambo la kuogopa zaidi kwenye kazi ya kuficha madirisha: swali lililofichwa pamoja na dirisha. DisplayAlerts = False inanyamazisha mengi ya maswali hayo, lakini usiitegemee kwa yote.

Value2 nayo ina gharama ndogo. Inaleta thamani tupu bila kuzigeuza kuwa fedha au tarehe, na kwa fedha ndivyo ninavyotaka, kwa sababu Value ya kawaida ikikuta seli yenye umbo la fedha inakata desimali baada ya ya nne. Kwa tarehe, unapata namba. Siku ya majaribio safu ya tarehe za mikopo ilijaa vitu kama 45658, na kijana wa kompyuta akadhani data imeharibika. 45658 ni tarehe 1 Januari 2025 kwa hesabu ya Excel; safu ya kupokelea ilikuwa haijapewa umbo la tarehe. Ikapewa, yakaisha.

Kijidirisha cha “Tafadhali subiri” nimekiacha, kwa kuwa mhasibu anataka kujua kazi imefika wapi, na ana haki. DoEvents nimeiondoa. Ili fomu ijichore inatosha kuita frmSubiri.Repaint baada ya kubadilisha jina la tawi, na hiyo haifungulii mlango mibonyezo ya kipanya. Toleo la kijana wa mafunzo lilikuwa pia na asilimia iliyobadilishwa kwa kila mstari wa data, kwa hiyo kijidirisha chenyewe kilikuwa kinacheza: maelfu ya michoro kwa namba ambayo kwa jicho imebadilika mara mia tu. Sasa kinachorwa mara moja kwa kila tawi. Asiyetaka fomu kabisa anaweza kuandika kwenye Application.StatusBar, ule mstari wa chini kabisa wa Excel. Huo hubadilika hata ScreenUpdating ikiwa False.

Upande wa MUUNGANO wenyewe bado tunazima ScreenUpdating wakati wa kushusha data, pamoja na kuhesabu kwa kujiendesha (Calculation) na matukio (EnableEvents), yaani makro zinazojiendesha zenyewe jambo fulani likitokea. Hapa watu husahau kwamba swichi hizi tatu hazina tabia moja. ScreenUpdating hujirudisha yenyewe makro za Excel zinapoisha. Calculation na EnableEvents hazijirudishi. Makro ikifa katikati na hakuna aliyeshika kosa, Excel inabaki imezimwa kuhesabu, mhasibu anabadilisha namba na jumla haibadiliki. Mbaya zaidi, akilihifadhi faili likiwa hivyo, mwenzake akilifungua la kwanza asubuhi kwenye kompyuta yake, Excel yake nayo inachukua tabia hiyo ya kutohesabu kwa mafaili yote ya siku hiyo. Nimewahi kuona ofisi ikilaumu virusi kwa jambo hili. Ndiyo maana makro nzima iko chini ya On Error GoTo mwisho, na hapo mwisho, iwe kazi imefaulu au imeanguka, swichi zote zinarudishwa zilivyokutwa na Excel ya pili inapewa xl.Quit. Bila Quit inaweza kubaki kwenye Task Manager kama EXCEL.EXE isiyo na dirisha, inakula kumbukumbu, na baada ya majaribio kadhaa unakuta ziko nyingi.

Kuna atakayeuliza kwa nini sikutumia Power Query, iliyomo ndani ya Excel tangu toleo la 2016, inayoweza kuunganisha mafaili ya folda nzima bila kufungua dirisha hata moja. Kama kazi ingekuwa inaanza upya, ningeanzia huko. Lakini mafaili ya matawi yana vichwa vilivyounganishwa seli na jumla ndogo katikati, na mhasibu amezoea kitufe chake. Kubadilisha fomu ya matawi yote ni uamuzi wa mkutano, haukuwa wangu.

Majaribio tuliyafanya kwa makusudi mabaya. Nilimwambia mama abonyeze popote anapotaka wakati makro inaendelea. Akabonyeza kweli, kwa furaha, kijidirisha kikiwa juu. Tukaweka faili lenye nywila, faili lisilo na shiti ya Mikopo, na lile la tawi lenye Workbook_Open. Makro ikaandika matatizo mawili ya kwanza kwenye shiti ya kumbukumbu na kuendelea. La tatu likapita kama mafaili mengine. Kisha tukachukua mafaili ya ule mwezi uliowakesha, tukayaunganisha upya. Yakalingana. Barua ya meneja wa tawi, mama alisema ataishughulikia mwenyewe.

Kwenye skrini hakukuwa na kitu cha kuona isipokuwa jina la tawi likibadilika. Miongozo ya WCAG, ambayo kwa kweli iliandikwa kwa ajili ya kurasa za wavuti, inataka kitu kisiwake na kuzima zaidi ya mara tatu kwa sekunde moja kwa ajili ya watu wenye kifafa kinachoamshwa na mwanga. Sikupima makro ya zamani, lakini kwa mtu aliyekaa sentimita hamsini kutoka kwenye kioo, malalamiko ya macho hayakuwa deko.

Sehemu moja bado inapepesa: uchapishaji. Makro inapopanga kurasa, kila agizo la PageSetup lilikuwa linakwenda kuongea na printa, na hapo nimeweka Application.PrintCommunication = False ili maagizo yakusanywe yaende pamoja. Imesaidia kwa kasi. Halafu inawasha skrini na kufungua hakikisho la ripoti, dirisha linabadilika ghafla, mwako unapita mara moja. Nilimwonyesha mama nikamwambia hilo nalo linaweza kuondolewa, iende moja kwa moja kwenye printa. Akakataa. Alisema hapo anataka kuiona kabla ya kuisaini.